Yangeyange wa Kinawataka Naye Apigwe Picha



Wazazi wenzetu na ndugu zetu wanafunzi, kila likizo ya shule inapokaribia swali ni lile lile majumbani mwetu: watoto tuwapeleke wapi? Mwenye nafasi kidogo hutaja Entebbe, kwenye bustani ya wanyama. Mwenye nafasi zaidi hutaja Murchison Falls. Na miaka ya karibuni limeongezeka jina la Mabamba, kile kinamasi cha upande wa Entebbe ambako watu hupanda mitumbwi kwenda kumtafuta bulwe, ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu cha mbao. Hatuna ubaya na safari hizo. Aliyejaaliwa aende, na vijana wa Mabamba wanaopiga makasia na kuongoza wageni wapate riziki yao. Lakini tuna neno.

Neno lenyewe ni kwamba sisi tunaokaa Mbuya, na majirani zetu wa Kinawataka, Banda na Bugolobi, tuna kinamasi chini ya kilima chetu. Ndani yake wamo ndege ambao hakuna anayewapiga picha, kwa sababu tunawaona kila siku. Tunasema hao ndio wapigwe picha kwanza, na kati yao aanze yangeyange, yule mweupe anayetembea nyuma ya ng'ombe. Wengine watacheka. Yangeyange? Si yuko kila mahali? Ndiyo, na hiyo ndiyo sababu yetu.

Kwanza tumjue. Yangeyange wa ng'ombe ni ndege mweupe, shingo fupi, mdomo wa manjano. Wakati wa kuzaliana hupata rangi ya hudhurungi kama chai ya maziwa kichwani, kifuani na mgongoni. Waganda humwita nnyange, na mtu hahitaji kuwa mwanachuoni wa lugha ili asikie kwamba nnyange na yangeyange ni majina ya ndugu. Kwa Baganda yeye ni muziro wa ukoo mzima, na watu wa ukoo huo hawamli. Mtoto wa Mbuya basi ana majina mawili ya ndege mmoja kabla hajafika shuleni kufundishwa la Kiingereza. Kilima chetu ni kilima cha wanajeshi, chenye Wizara ya Ulinzi, kambi na hospitali ya jeshi, na Kiswahili kimesikika hapa miaka mingi kabla Baraza la Mawaziri halijaamua mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima mashuleni. Ni aibu kidogo kwamba watoto wetu wanaweza kutaja wachezaji wote wa Arsenal lakini wakiulizwa jina la ndege aliye uani wanasema "ndege mweupe".

Tena "ndege mweupe" si mmoja. Hapo ndipo picha inapoanza kufundisha. Mpe mtoto simu yako, apige picha ya ndege weupe watatu chini ya Kinawataka, kisha mrudi nyumbani mzikuze picha hizo taratibu. Huyu ana mdomo wa manjano na yuko kwenye nyasi kavu. Yule ana mdomo mweusi, miguu myeusi, na vidole vya manjano kana kwamba amevaa soksi, naye amesimama majini akivizia samaki. Yule wa tatu ni mrefu, shingo yake imepinda kama ndoano. Kwa jicho la kupita wote walikuwa "ndege mweupe". Picha imemfanya mtoto atazame mara ya pili, na siku nyingine atatazama mara ya pili bila hata kuwa na simu.

Yangeyange huyu pia ana habari ambayo wengi wetu hatukusimuliwa. Ni mzaliwa wa Afrika na sehemu za jirani. Mwishoni mwa karne ya 19 alionekana kwenye pwani ya kaskazini ya Amerika ya Kusini, na wataalamu wanaamini alivuka Atlantiki kwa mabawa yake mwenyewe, akisaidiwa na upepo. Hakubebwa na mtu. Kufikia mwaka 1953 alikuwa anajenga viota Florida, Marekani, na leo ameenea karibu mabara yote. Watoto wanapenda kusikia habari za wasafiri wakubwa. Huyu hapa, anatembea nyuma ya ng'ombe karibu na reli, na ndugu zake wako Brazili.

Sasa tujibu swali la wenye kucheka, maana si swali la kipumbavu. Yangeyange hayuko hatarini kutoweka. Ni kweli. Walio hatarini ni wengine: ng'aali, yule korongo mwenye taji aliye katikati ya bendera yetu, aliwekwa mwaka 2012 katika orodha ya kimataifa ya walio hatarini, na kinachomwangamiza zaidi ni kupotea kwa vinamasi anakotagia. Tumbusi yule mdogo wa machinjioni, ambaye wazee wa Kampala walimzoea kama walivyomzoea kunguru, tangu mwaka 2015 amewekwa daraja moja tu juu ya kutoweka kabisa porini. Angalia jambo hili. Wote wawili walikuwa ndege wa kawaida. Hakuna aliyeona haja ya kumpiga picha ng'aali wa kijijini kwake wakati ng'aali walikuwa wengi.

Walioupata msiba huu kwa ukubwa wake ni watu wa Amerika ya Kaskazini. Walikuwa na njiwa wa porini waliohesabiwa kwa mabilioni, makundi yao yakipita juu jua linafichika. Waliwindwa kwa ajili ya masoko ya miji, na misitu yao ikakatwa. Wa mwisho, jike aliyeitwa Martha, alikufa tunduni huko Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Kamera zilikuwapo miaka mingi kabla ya hapo. Watu walipiga picha za reli, madaraja, maharusi, hata maiti zao. Lakini picha zinazojulikana za njiwa hao wakiwa hai ni za wale waliofugwa. Kweli kamera za siku zile zilikuwa nzito na za polepole, na ndege hatulii. Hata hivyo tunadhani kulikuwa na sababu nyingine: nani angepoteza bamba la kioo la kamera kwa ajili ya njiwa?

Lakini sababu yetu kubwa ya kumtetea yangeyange si kwamba huenda kesho akatoweka. Ni kwamba ndege adimu hukupa picha moja, na ndege wa kawaida hukupa picha hamsini. Ukienda Mabamba mara moja katika maisha yako utarudi na picha moja nzuri ya bulwe, utaiweka ukutani, basi. Lakini ukisimama mahali pale pale chini ya Mbuya kila Jumapili kwa mwaka mzima, yangeyange hatakosekana. Na nyuma ya kila picha yake kutakuwa na kitu kingine ambacho hukukikusudia: mafunjo yalipofika, maji yalipofika, ule ukuta mpya, lile lundo la udongo. Picha ya kwanza ina mafunjo nyuma ya ndege. Ya kumi na tano ina nusu mafunjo na nusu kifusi. Ya arobaini ina bohari. Ndege ni yule yule, anakula panzi.

Tusimuonee haya kulisema hili, kwani ndilo linalotuuma. Yangeyange humfuata ng'ombe kwa sababu kwato zinafukuza wadudu kwenye nyasi, naye huwadaka. Akiona trekta hulifuata kwa sababu ile ile. Na tingatinga likija kusawazisha kifusi ndani ya kinamasi, yangeyange huja pia, kumi, ishirini, wakikimbilia minyoo na vyura wanaofukuliwa. Mtu akipiga picha ile ataona ndege wanashangilia. Siku ile wanashiba kuliko siku zote. Jioni wanarudi kulala, na mahali pa kulala pamepungua. Tunawaomba wanafunzi watafute picha hiyo hasa, ya yangeyange mbele ya tingatinga, waiweke na tarehe yake.

Pengine msomaji wa mbali haijui Kinawataka. Ni bonde la majimaji lililo kati ya vilima vya upande wa mashariki wa Kampala. Linapokea maji ya mvua ya Ntinda, Nakawa, Kyambogo, Banda na kwetu, pamoja na maji machafu ya eneo la viwanda, na mwisho huyapeleka kwenye ghuba ya Murchison ya Ziwa Nalubaale. Katika ghuba hiyo hiyo, upande wa Ggaba, ndiko zilikojengwa mitambo ya kuvuta maji ya kunywa ya jiji. Kati ya uchafu wetu na bomba letu kuna mafunjo. Mizizi yake hupunguza mwendo wa maji, hukamata tope na kunyonya mbolea na taka zinazoyeyuka. Mafunjo yakiondoka kazi hiyo haiondoki. Itafanywa na mitambo na dawa kwa pesa, au haitafanywa.

Pesa kiasi gani? Mwaka 1999 watafiti wa shirika la kimataifa la hifadhi ya mazingira, IUCN, walikadiria thamani ya kinamasi cha Nakivubo, jirani yetu wa upande wa Bugolobi. Walipata kwamba kazi yake ya kusafisha maji na faida nyingine ni kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka. Hiyo ilikuwa kazi ya bure, bila mshahara, bila mgomo. Leo ukipita Nakivubo utaona wenyewe kilichobaki.

Na si kwamba nchi yetu haikuwa na sheria. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 237, inasema serikali inashikilia maziwa, mito na vinamasi kama amana kwa ajili ya wananchi. Neno amana sisi Waislamu tunalijua uzito wake. Mwaka huo huo 1995 Uganda ilitoa sera ya taifa ya vinamasi, ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo duniani kufanya hivyo. Novemba 2005 mkutano mkuu wa Mkataba wa Ramsar, ambao ndio mkataba wa dunia wa kulinda ardhi oevu, ulifanyika hapa hapa Kampala, mara ya kwanza Afrika. Mwaka uliofuata Mabamba na Lutembe zikaingizwa kwenye orodha ya Ramsar. Kinawataka haikuingizwa, na hatulaumu, kwani haina bulwe. Lakini kwa takwimu zinazotajwa na serikali yenyewe, vinamasi vilikuwa zaidi ya asilimia 15 ya ardhi ya nchi mwaka 1994, na kufikia mwaka 2019 vilikuwa vimeshuka chini ya asilimia 9. Katika miaka 25 mtoto anazaliwa, anasoma, anaoa. Kizazi kimoja tu.

Hapa tuseme neno la haki. Wanaojaza kinamasi si watu wa aina moja. Yuko mwenye malori ishirini na mwanasheria, na yuko mama aliyepanda magimbi na kujenga vyumba viwili vya mabati kwa sababu kodi ya kule juu hawezi. Mvua za Machi hadi Mei zikija, na zile za mwisho wa mwaka, ni mama huyo anayeamka usiku maji yakiwa godoroni, si mwenye malori. Juni 2024, mamlaka ya mazingira, NEMA, ilipobomoa nyumba katika kinamasi cha Lubigi upande wa pili wa jiji, tuliwaona watu wa namna hiyo wakiwa wamekaa juu ya vyombo vyao. Yeyote anayekwenda na kamera Kinawataka aelewe kwamba anatembea kati ya watu wenye hofu. Mgeni mwenye kamera bondeni huwa anadhaniwa kuwa mtu wa NEMA, au dalali wa viwanja, au mpima ardhi. Kwa hiyo amkieni watu kwanza. "Musiibye mutya" ya Kiganda inafungua milango mingi. Semeni mmekuja kuangalia ndege, muonyesheni huyo mama picha ya yangeyange kwenye simu, na mara nyingi yeye ndiye atakayewaambia wanalala mti gani. Msimpige picha yeye wala nyumba yake bila idhini. Na mkiwa juu ya kilima, upande wa jeshi, simu iingie mfukoni. Hilo halihitaji maelezo Mbuya.

Kuna swali ambalo tunajua litaulizwa, nalo ni la picha yenyewe. Je, kupiga picha kiumbe chenye roho si taswira iliyokatazwa? Maulamaa wamelijadili jambo hili tangu kamera ilipoingia nchi za Kiislamu. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala akiruhusu picha za kamera, kwa hoja kwamba kamera inazuia kivuli cha kitu kilichopo, haiumbi mfano mpya. Wengine, na wakubwa, walikataa isipokuwa kwa dharura. Sisi hapa si mahali pa fatwa. Kila familia imuulize sheikh wake na ifuate inachotulia nacho moyo. Familia isiyopiga picha za viumbe inaweza kupiga mahali tu, na kuandika ndege kwa maneno: wangapi, wapi, saa ngapi. Kumbukumbu hiyo ni nzuri vile vile, na kwa watafiti wengine ni bora zaidi.

Lisilo na hitilafu ni kwamba ndege mdogo wa kawaida ana nafasi katika dini yetu. Tunakumbuka habari ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, mtoto aliyekuwa na kijindege chake. Kijindege kikafa, mtoto akahuzunika, na Mtume (S.A.W.) akamtania kwa upole kwa kumuuliza habari zake. Hadithi hiyo fupi imo kwa Bukhari na Muslim. Mwanachuoni wa Kishafii, Ibn al-Qass, katika karne ya nne ya Hijra, aliiandikia kijitabu kizima akitoa humo faida sitini. Sitini, katika kijindege cha mtoto! Na katika Abu Daud imo ile ya masahaba waliochukua makinda wawili safarini, mama yao akaja akipapatika, na Mtume (S.A.W.) akaamuru arudishiwe watoto wake. Tunaitaja hii kwa wapiga picha hasa. Picha ya kiota huvutia sana, na ndiyo yenye madhara zaidi. Ukisogea hadi mama akaruka, makinda wanabaki kwenye jua, na kunguru anakuona unapoelekeza simu yako. Yangeyange hujenga pamoja, viota vingi mti mmoja, na mtu mmoja asiye na subira anaweza kuwatia taharuki wote. Kwa hiyo viota tuviache. Ndege akinyoosha shingo na kuacha kula, umeshasogea mno. Rudi hatua kumi.

Kuhusu vifaa hatuna mengi. Simu inatosha. Usikuze picha kwa vidole kabla ya kupiga, maana inakuwa ukungu. Piga kwanza, kisha kata sehemu unayoitaka. Mwenye darubini anaweza kuweka jicho la simu kwenye kioo chake, na kwa mazoezi kidogo picha inatoka vizuri. Jua liwe nyuma yako. Ndege mweupe juani huungua kwenye picha na kuwa kama karatasi bila manyoya, hivyo punguza mwanga kwenye simu au ngoja jua lishuke. Hapa ikweta ni neema: nyakati za swala hazihami sana mwaka mzima, basi ratiba ni rahisi. Tukishaswali Alasiri tunashuka, tuna saa mbili za mwanga mzuri wa dhahabu, na tunapanda kilima kuwahi Magharibi. Vaeni gambuti. Maji ya Kinawataka si ya kuchezea, na watoto wasiyaguse, achilia mbali kunawa au kutawadhia.

Tukiwa tumemtaja yangeyange kwa heshima, tusimsahau kaloli, ingawa hana sura ya kuombewa picha. Korongo mkubwa, kichwa kipara, mfuko shingoni, miguu myeupe si kwa rangi bali kwa kinyesi chake mwenyewe, anachojimwagia ili apate ubaridi. Watoto wakisikia hilo hawalisahau maisha. Kampala wamehesabiwa na kuchunguzwa tangu miaka ya 1970, hasa na Profesa Derek Pomeroy wa Makerere na wanafunzi wake, na idadi yao jijini imeongezeka sana kwa sababu moja: taka zetu. Mwaka 2017 yeye na mwenzake walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba kaloli wa Kampala sasa wanaanza kuzaliana miezi minne mapema kuliko zamani. Fikirini, mwanafunzi mmoja na daftari, miaka ya sabini, akihesabu ndege ambaye kila mtu alimchukia, na miaka arobaini baadaye daftari lile linatuambia jambo ambalo hakuna kamera ghali ingeliona. Kaloli wa kupigwa picha wapo wengi juu ya majengo na majalala. Wale wa kinamasini, wanaovua vyura kama walivyoumbwa, ndio wa kutafutwa.

Kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo, picha zenu zisiishie kwenye hali za WhatsApp. NatureUganda, chama ambacho mizizi yake ni ile jumuiya ya historia ya viumbe ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1909, huandaa sensa za ndege wa majini kila Januari na Julai, na hupokea watu wa kujitolea. Pia iko programu ya eBird, iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 2002, ambayo ni bure na hupokea orodha kutoka popote. Mtu akifungua ramani yake ataona Mabamba imejaa taarifa za wageni kutoka kila nchi. Vinamasi vya mitaani hutembelewa na wachache. Anayejaza pengo hilo si lazima awe mtaalamu. Awe mtu wa mtaa, mwenye kurudi mahali pale pale.

Na iwe mahali pale pale kweli. Chagueni nguzo moja ya umeme, au daraja la mbao, au jiwe, msimame hapo kila mara na muelekeze simu upande ule ule. Nyuma ya kila picha, au chini yake kwenye simu, andikeni vitu vinne: tarehe, saa, mahali, na idadi ya ndege. Mzazi asimwandikie mtoto. Aandike mwenyewe, hata kwa makosa. Na siku mtakayofika msimwone yangeyange hata mmoja, pigeni picha ya mahali penyewe, mwandike tarehe na saa kama kawaida, na kwenye idadi muweke sifuri.